Namba ya Shomari

Arobaini ya mama mkwe wangu ilipokwisha kusomwa pale Mzenga, watu wakaondoka kama ilivyo kawaida ya watu. Wenye magari kwanza, kisha wa bodaboda, kisha wale majirani ambao hawaondoki mpaka sufuria ya mwisho ioshwe na ukoko ugawanywe. Tukabaki mimi na wifi yangu Tatu, na ua mzima umejaa nyayo. Msiba una kelele, watu wanaulalamikia, lakini mimi nasema heri kelele ile kuliko jioni ya siku watu wanapoondoka. Tatu akaingia chumbani kwa mama, akatoka na kitu kimefungwa ndani ya kipande cha kanga iliyopauka, akanitupia mapajani. "Wifi, chukua mke mwenzio," akasema. Nikajua kabla sijafungua. Uzito wake mkono haukuusahau.

Ilikuwa gemu. Zile gemu za mkononi za zamani, za kupanga matofali yanayoshuka, plastiki ya kijivu, vitufe vya njano, kioo kidogo kama kiberiti. Nisidhaniwe mshamba wa vitu hivi. Mimi nina kibanda cha chaja pale Picha ya Ndege, Kibaha, miaka mingi sasa, na siku hizi vijana wamezuka na homa ya vitu vya kale, wananiletea gemu ambazo walizikuta kwenye madebe ya bibi zao: "Shikamoo bibi, hii inataka chaja gani?" Namwambia kaa hapo. Sichomeki kitu nisichokipima. Nageuza gemu, nasoma mgongoni inataka volti ngapi, napima adapta kwa mita, naiangalia chanya iko katikati au nje, ndipo naikabidhi. Wanauliza nimesoma wapi ufundi. Mimi shule niliachia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe lilikuwa la kuonjaonja, maana msimu wa korosho mwalimu mwenyewe alikuwa shambani. Nilichosoma nilisomea chumbani, mwaka niliokaa eda.

Chumba chenyewe kilikuwa cha kupanga, Picha ya Ndege hiyohiyo, wakati ule viwanja vingi bado ni mapori na mikorosho. Kitanda cha futi nne, meza, soketi moja ukutani iliyokaa upande kama meno ya mzee, na dirisha linalotazama ua wa mwenye nyumba. Malori ya kwenda bara yalikuwa yanapita barabara kuu, na kila likipita kikombe juu ya meza kinatetema. Mume wangu Shomari alikuwa mlinzi wa stoo ya mbao. Alianguka kazini asubuhi moja, jioni tukawa tunazungumza habari za sanda. Nilikuwa binti mdogo, kanga za harusi hazijachuja. Mama yake akaja kutoka Mzenga na mkeka wake na tochi yake, akaketi mlangoni kunisimamia eda: miezi minne na siku kumi, hakuna uturi, hakuna wanja, hakuna kioo, hakuna mwanamume kuniona. Sisi Wazaramo mwanamke huwekwa ndani akiwa mwali. Kwa hiyo ilikuwa mara yangu ya pili kufungiwa. Lakini mwali anafungiwa huku nje wanamtengenezea ngoma, anasikia kicheko, anajua ipo siku atatolewa watu wapige vigelegele. Mjane anatolewa aende wapi? Hilo swali nililala nalo, nikaamka nalo, na sikuwa na wa kumwuliza.

Gemu ilikuwa ya Shomari. Aliinunua Kariakoo mkononi kwa mtu, akawa anakwenda nayo lindoni ili asisinzie. Akirudi asubuhi, kabla ya chai, ananionyesha pale juu kwenye pembe ya kioo, panapokaa namba ya mchezo mkubwa kuliko yote. "Soma, Sikudhani." Nasoma: nne, nane, saba, sufuri mbili. "Hiyo hakuna mtu wa kunitoa," anasema, halafu anaanguka kitandani na viatu. Basi alipokufa kila kitu chake kiligawiwa. Shati huyu, viatu yule, baiskeli kaka yake. Gemu hawakujua ni ya nini, wakaniachia. Ukiiwasha, namba ipo. Nne, nane, saba, sufuri mbili. Picha yake niliyokuwa nayo ilikuwa moja, ya kitambulisho, kakunja uso kama anadaiwa. Ile namba ndiyo iliyokuwa inacheka. Sikuwa nacheza, nisije nikaigusa. Nilikuwa nawasha, natazama, nazima.

Mama hakuipenda. Alikuwa mtu wa maneno machache na yote ya moto. "Mwenye eda haangalii kioo," akanigombeza.

"Si kioo cha kujitazama, mama. Ni cha kuonyesha namba."

"Kikizima unajiona sura, hukioni?"

Kweli, kikizima nilikuwa najiona, mtu mweusi mdogo ndani ya plastiki. Nikawa naigeuza kifudifudi kabla ya kuizima. Na wageni nao, wale wa kuja kutoa pole, wanakaa uani na mama, pazia limeshushwa, wanadhani pazia ni ukuta. Siku moja namsikia mmoja anasema, "Mjane wenu anachezea mdoli, nimesikia unalia tii tii." Mwingine: "Labda ndio kilio cha kisasa." Wakacheka kwa kuzibana pua. Nikangoja mama anitafune mbele yao. Akasema tu, "Ni saa ya marehemu. Inalia ikifika zamu yake." Mchana huo alipoleta chakula, muhogo wa nazi na dagaa, hakunitazama, na mimi sikumshukuru. Tulikuwa tunaishi hivyo, watu wawili kwenye chumba kimoja, kila mmoja na msiba wake kama watu waliopanda basi moja wasiojuana.

Aliyekuwa ananichekesha ni Tatu, dada wa marehemu, aliyekuwa anauza maandazi barabarani. Ndiye aliyeipa gemu jina. "Kaka kakuachia mke mwenza wa plastiki, wifi. Hali, havai, hasemi. Umepata mwema." Basi siku moja nikawasha, namba ikawa imefifia. Unaiona ukiinamisha hivi, ukiinua inapotea. Betri zilikuwa zinakwisha. Nikamwambia Tatu aninunulie betri mpya, akasema asubuhi atazileta, ila ngoja kwanza amuulize fundi redio aliye jirani na meza yake, maana alishawahi kusikia jambo. Jioni akarudi uso umebadilika. "Fundi anasema usizitoe. Ukizitoa betri, hata kwa kupepesa jicho, namba imekwenda. Haikuandikwa mahali, wifi. Inaishi kwa umeme tu, kama mtu kwa pumzi."

Nilikaa na gemu mkononi. Nikiziacha betri, zinakufa na namba inakufa. Nikizibadilisha, inakufa. Nililia siku ile kuliko siku ya mazishi, na sioni haya kulisema. Siku ya mazishi kulikuwa na watu wa kulia nao.

Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa bara, Mkristo, jina lake Anselimu, alifahamiana na Shomari. Alisema ipo njia: gemu ile ina kitundu cha adapta ubavuni. Ukiilisha umeme wa ukutani kwanza, ndipo utoe betri za zamani uweke mpya, namba haitashtuka. Lakini adapta aliyonayo ni kuukuu, ina kitufe cha kuteleza cha kuchagulia volti, na maandishi yote yamefutika kwa vidole vya watu. Na mita yake imevunjika sindano. "Ikizidi, inaungua. Ikiingia kinyume, inakufa palepale," ndivyo Tatu alivyonifikishia. Sasa fundi hawezi kuingia chumbani kwa mwenye eda, na gemu sikutaka itoke mkononi mwangu. Nikamwomba mama ruhusa fundi asimame hata dirishani. Mama akatafuna mdomo muda mrefu. "Atasimama nje, pazia litashushwa, na atasema na mimi. Mimi ndiye nitakuambia wewe."

Basi ikawa hivyo. Mimi kitandani, mama kwenye kigoda katikati, Tatu ananipa vitu, fundi nje ya dirisha, sauti yake naisikia vizuri kuliko ya mama.

"Mwambie ageuze gemu, asome volti ngapi."

"Anasema geuza gemu, usome volti ngapi," anasema mama, kama mimi niko Mlandizi.

"Tatu," nasema.

"Unaniita?" anasema Tatu.

"Si wewe. Volti tatu!"

Nje fundi akacheka, mama akakohoa. Fundi akapenyeza chini ya pazia balbu ya tochi imefungwa nyaya mbili. Alisema balbu ile ni ya betri mbili, betri mbili ni volti tatu, kwa hiyo itatusemea. Ikiwaka njano kama kwenye tochi, ndiyo hiyo. Ikififia, ni ndogo. Ikiwaka nyeupe, kimbia. Tatu akachomeka adapta ukutani, mimi nikagusisha nyaya. Mwanga ukaja mweupe kama umeme wa radi, ukasema ti, balbu ikafa. Mama akampasha fundi. "Huo ndio mwisho wake mkubwa," fundi akasema. "Afadhali tumeujua. Sasa atelezeshe kitufe mpaka ncha ya pili. Ila balbu nilikuwa nayo hiyo moja."

Nikafikiri ndiyo basi. Kesho namba haitakuwepo. Mama akanyanyuka kwenye kigoda, akaifuata tochi yake chini ya mkeka, ile anayokwendea chooni usiku, akaifungua kichwa, akaitoa balbu. Kabla hajanipa akawasha kwanza ili tuuone mwanga wake, akasema, "Tazameni vizuri rangi hii. Mkiiua, nitajisaidia humuhumu ndani." Tukaifunga nyaya. Nikatelezesha kitufe mpaka ncha ya pili: kaa la sigara. Nikarudisha hatua moja: ikang'aa kidogo. Nyingine: njano. Njano ileile ya tochi ya mama. Mama akainama akaitazama kwa karibu, akasema, "Hiyo." Hakungoja fundi.

Bado kinyume na sawasawa. Fundi akauliza kama kuna muhogo mbichi. Nyumba ya Wazaramo unauliza muhogo? Mama akakata kipande kinene. Waya mmoja nimeutia ndani ya tundu la ncha ya adapta, mwingine umezungushwa kwa nje, kisha ncha za pili za nyaya hizo za shaba nikazichomeka kwenye nyama nyeupe ya muhogo, karibu karibu bila kugusana. "Mwambie asubiri," akasema fundi. "Waya utakaotoka ukijani pembeni, huo ndio chanya. Mwenzake utatoa povu." Tukasubiri. Lori likapita, kikombe kikatetema. Watu watatu tumeinamia kipande cha muhogo kama tunakisomea. Polepole pakatokea doa, kijani kama kutu ya bomba, kwenye waya ule wa ndani. Nyuma ya gemu palikuwa na mchoro wa duara na nukta, na nukta ya katikati ilikuwa imeunganishwa na alama ya kutoa. Gemu ilitaka hasi katikati. Adapta ilikuwa na chanya katikati. Tungechomeka vile vile, tungeiua.

"Mshukuruni muhogo," akasema fundi. Akaelekeza kile kichwa cha adapta kichomolewe, kigeuzwe, kirudishwe. Mama akaleta kipande kingine, kijani safari hii kikatokea upande wa pili. Kisha: "Awashe ukutani kwanza, ndipo achomeke kwenye gemu. Asianze na gemu." Nikachomeka. Namba ikakolea palepale, nyeusi ti. Nikatoa betri moja, nikatoa ya pili. Ikakaa. Nne, nane, saba, sufuri mbili. Nikaweka mpya, nikachomoa adapta. Ipo. Tatu akapiga kigelegele kifupi, mama akamziba mdomo kwa kiganja. Ile mihogo miwili mama hakuipika. Aliiweka dirishani mpaka ikakauka.

Ningeweza kukomea hapo, na kwa wengine huwa nakomea hapo, kwa sababu ni mahali pazuri. Siku zilizofuata nilikuwa mtu mwingine. Nililala mchana, usingizi ambao sikuupata tangu msiba. Nikiamka napata chai ya mchaichai imefunikwa na kisahani. Mama alikuwa bado hasemi nami, lakini hakuitaja gemu tena, na alikuwa na uchovu machoni ambao niliudhania ni wa uzee. Eda ilikuwa inaelekea ukingoni. Siku moja alasiri nilitoka kuoga uani kwa kujifunika gubigubi, nikainua pazia, nikamkuta ameketi kitandani kwangu, mgongo ameupa mlango, mtandio umemteleza. Vidole gumba vyake viwili vilikuwa vinakwenda, vinakwenda kwelikweli, kama mtu anayepukuchua mahindi. Hakunisikia. Gemu ikatoa mlio mrefu wa kupanda ambao mimi sikuwahi kuusikia. Akageuka.

"Imelia," akasema. "Haijawahi kulia hivi. Hebu njoo, wewe unayejua kusoma. Nimemfikia?"

Nikaichukua. Pale juu nne haikuwepo. Palikuwa na tano, na nyuma yake namba nyingine ambazo sikuzishika hata siku moja.

"Umeanza lini, mama?"

"Ukilala. Tangu ile siku ya muhogo." Alikuwa anatabasamu, na mimi sikuwahi kuliona tabasamu lile, lilikuwa la Shomari tupu. "Nilisema nitakwenda mdogo mdogo, mpaka pale aliposimama. Nikifika hapo nitakaa naye. Nimemfikia?"

"Umempita, mama."

"Nimempita vipi?"

"Ukimpita mtu, inamtoa. Inaweka yako."

Tabasamu likachelewa kuondoka, kama mgeni ambaye hajaelewa kuwa wenyeji wamechoka. "Nani kakwambia mimi nataka kumpita?" akasema. Halafu, "Irudishe."

"Hairudi."

"Muite fundi."

"Hata fundi, mama."

Akaitazama mikono yake, mbele, nyuma. Mimi nilisimama na kanga mbichi, natafuta neno la kumkata nalo, na maneno yalikuwepo. Lakini yule mwanamke alikuwa na miaka mingi kuliko mwanawe tangu siku ya kwanza, na sasa kila asubuhi akiamka anamwacha nyuma zaidi, na mimi namwona anazidi kulielewa hilo palepale kitandani kwangu. Neno likanirudi tumboni. Usiku tulikula ugali na kisamvu kisicho na chumvi. Aliisahau. Tulikula mpaka tukamaliza, hakuna aliyeuliza chumvi.

Siku ya kutoka eda nilioga, nikavaa, wanawake wachache wakaja, Tatu akapika pilau. Mama alikuwa anafunga mkeka wake kurudi Mzenga. Nikampa gemu. "Namba iliyomo ni yako," nikamwambia. Akaipokea, akaishika mbali na kifua kama mtoto wa watu aliyelowa, kisha akaifunga kwenye pindo la kanga. Hatukuizungumza tena mpaka anakufa. Mzenga wakati ule hakuna umeme. Niliolewa tena baadaye, nikazaa, nikafiwa tena, nikafungua kibanda. Kila nilipokwenda kumwona alinikatia muhogo, akaniuliza habari za barabara.

Basi ndiyo hiyo sasa, mapajani mwangu, baada ya arobaini yake. Betri zimevuja zamani, zimeota unga kama chumvi. Nikavisugua vile vyuma vinavyogusa betri kwa ndimu na mswaki mkuukuu, nikaanika juani. Umeme siku hizi umefika Mzenga, na mimi kwenye mkoba sikosi mita na adapta. Nikapima. Tatu akachungulia: "Umeweka tatu, mbona inasoma tano?"

"Haina mzigo, wifi. Mtu asiye na mzigo hujisifu. Ngoja uibebeshe." Nikafunga balbu, ikashuka mpaka tatu na ushei. Mita ilikwisha kunionyesha pia chanya iko upande gani. Tatu hata hivyo alikwishakwenda jikoni, akarudi na kipande cha muhogo. Tukachomeka nyaya, tukakaa tunangoja kijani, vibibi wawili, mmoja meno yake yamebaki ya kuhesabu.

Nikawasha ukutani, nikachomeka. Ikalia. Pale juu palikuwa na sufuri tupu. Nilijua, na bado nilitazama.

"Cheza basi," akasema Tatu. "Umelinda namba za watu, yako iko wapi?"

Kwa kweli sikuwahi. Nikacheza. Matofali yakashuka, nikayapanga mstari, ukafutika, nikapanga mwingine. Si kazi ngumu, vidole vinajifunza. Nikaona naweza kuendelea mbali. Nikaondoa vidole, nikayaacha yajirundike yenyewe mpaka juu, ikalia mlio wa kwisha. Pale pembeni ikaandika namba yangu, ndogo, ya aibu.

"Mbona umeachia?" Tatu akauliza.

Nikamwambia asichomoe. Nimeiacha ndogo ili atakayekuja asipate taabu kunipita.